"DAWA HII INAOZA YENYEWE MAJINI"... NANI ALIPIMA, NA ALIPIMAJE?

Mada ya leo ni ya maji na kemikali, lakini usikimbilie kufunga ukurasa, maana inamgusa kila anayekunywa maji, anayefua na anayekula samaki. Yaani wote.

Kuna msemo mmoja umeenea sana siku hizi: "inaoza yenyewe". Nenda duka la pembejeo ukaulizie dawa ya kahawa, muuzaji atakwambia usiwe na wasiwasi, hii ikiingia kwenye maji inaisha yenyewe. Shika pakiti ya sabuni ya unga, geuza nyuma, utakuta imeandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira na inaoza kibaiolojia. Vizuri. Sasa naomba tuulize swali linaloonekana la kijinga: NANI ALIPIMA? Alipima kwa siku ngapi? Kwenye maji gani? Na neno "inaisha" lina maana gani hasa?

Kwa watu wa Hasamba na kata nyingine za kahawa wilayani Mbozi, mkoani Songwe, hili si swali la darasani. Kahawa inapigwa dawa, mvua zinakuja kuanzia Novemba mpaka Aprili na kusomba kilichobaki kwenye majani na udongo kwenda kwenye vijito. Mvua zikiisha, vijito vinapungua, na hapo ndipo msimu wa kuvuna na kuosha kahawa unaanza. Maji hayohayo kuna mtu anayachota bondeni. Na kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: sehemu kubwa ya maji ya Mbozi huishia bonde la Ziwa Rukwa, na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayakausha, basi. Kitu kisichooza kikifika kule, kimefika.

Kwa hiyo tuelewe hii kitu inavyopimwa. Hesabu zipo kidogo tu, na hazimshindi mtu wa kidato cha pili.

KUOZA NI NINI HASA?

Kuoza majini ni kuliwa. Walaji ni bakteria na vijidudu wengine ambao huwaoni kwa macho. Wanakula kemikali zenye kaboni kama wewe unavyokula ugali. Wakila, wanavuta oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji na kutoa hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi. Sehemu nyingine ya chakula wanaigeuza kuwa miili yao, wanaongezeka.

Sasa ndo siri ya vipimo vyote ipo hapo. Bakteria huwezi kumuuliza ameshiba au hapana, lakini unaweza kupima mambo matatu: oksijeni iliyopungua, hewa ya ukaa iliyotoka, au kaboni iliyobaki kwenye maji. Ukijua kimojawapo, unajua kimeliwa kiasi gani. Mengine yote ni namna ya kuzuia kudanganyika.

CHUPA NA SIKU TANO

Kipimo cha zamani na maarufu kuliko vyote kinaitwa BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu wanahitaji ili kula uchafu uliomo kwenye maji. Kilipata nguvu Uingereza, ambako Tume ya Kifalme ya Majitaka, iliyoundwa mwaka 1898, ilipendekeza mwaka 1912 kiwango cha miligramu 20 kwa lita kwa maji yanayorudishwa mtoni.

Kinafanyika hivi. Unachukua maji, unapima oksijeni iliyomo. Unajaza chupa mpaka juu bila kuacha hata kipovu cha hewa, unafunga, unaiweka gizani kwenye nyuzijoto 20 kwa siku 5. Siku ya tano unafungua na kupima tena. Oksijeni iliyopotea ndiyo BOD. Kwa nini gizani? Kwa sababu mwani ukiona mwanga unatengeneza oksijeni, na hesabu yako inaharibika. Kwa nini bila hewa? Kwa sababu hewa ingerudisha oksijeni iliyoliwa.

Maji yakiwa machafu sana, oksijeni yote inaisha kabla ya siku 5, kwa hiyo wanayachanganya na maji safi kwanza, halafu wanazidisha jibu.

Tanzania inatumia kipimo hikihiki. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinasema maji yanayomwagwa kwenye mto au ziwa yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Ikumbuke hiyo 30, tutairudia.

Lakini BOD inapima maji machafu kwa jumla, supu nzima. Haikwambii kama kemikali FULANI inaoza. Kwa hilo kuna mtihani mwingine, mkali zaidi.

MTIHANI WA SIKU 28

Mwaka 1981, nchi zilizo kwenye Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, zilikubaliana mwongozo mmoja wa kupima kama kemikali "inaoza kwa urahisi". Unaitwa mwongozo namba 301 na ulifanyiwa marekebisho mwaka 1992. Una njia sita, zimepewa herufi A mpaka F. Nyingine zinapima kaboni iliyobaki, nyingine hewa ya ukaa iliyotoka, nyingine oksijeni iliyoliwa. Mtu akikwambia bidhaa yake imefaulu kipimo cha kuoza, mara nyingi anazungumzia huu.

Tuangalie njia rahisi kuielewa, ya chupa iliyofungwa, ambayo ni 301D.

Unatengeneza maji safi yenye chumvichumvi ambazo bakteria wanahitaji, lakini bila chakula chochote. Unaweka kemikali yako, miligramu 2 mpaka 10 tu kwa kila lita. Hicho ndicho chakula pekee kilichopo: ama mle, ama mlale njaa. Kisha unatia matone machache ya maji yenye bakteria wa kawaida, kwa mfano kutoka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Bakteria hao hawaruhusiwi kuwa wamezoeshwa kemikali hiyo kabla. Unafunga chupa nyingi, unaziweka gizani kwenye joto la karibu nyuzi 20 na ushee, na kila baada ya siku kadhaa unafungua baadhi na kupima oksijeni.

Pembeni kuna chupa nyingine za kulinda ukweli:

1. Chupa tupu. Ina bakteria bila kemikali. Hata bila chakula, bakteria wanapumua kidogo. Oksijeni hiyo lazima uitoe kwenye hesabu.

2. Chupa ya kitu kinachojulikana. Inatiwa kitu ambacho hakika kinaoza, kama sodiamu asetati. Ndani ya siku 14 lazima kiwe kimeoza asilimia 60. Kikishindwa, tatizo ni bakteria wako, wamekufa au ni dhaifu, na mtihani mzima unafutwa.

3. Chupa ya sumu. Ina kemikali yako PAMOJA na kile kinachooza. Kama humo hakuna kinacholiwa, maana yake kemikali yako imewaua walaji. Hii ya tatu ikumbuke, maana dawa za shambani kazi yake ni kuua.

Tufanye hesabu. Chukua sukari ya mezani. Kikemia, miligramu 1 ya sukari ikiliwa yote inahitaji oksijeni miligramu 1.12. Umetia miligramu 2 kwenye lita moja, kwa hiyo ikiliwa yote oksijeni inayotakiwa ni 2.24. Tuseme chupa yenye sukari imepoteza oksijeni 1.9, na chupa tupu imepoteza 0.3. Toa: 1.9 kutoa 0.3 ni 1.6. Gawa kwa 2.24, unapata kama asilimia 71. Sukari imefaulu.

Alama ya kufaulu ni asilimia 60 kwa njia za oksijeni na hewa ya ukaa, na asilimia 70 kwa njia za kupima kaboni iliyobaki. Mtu atauliza, mbona si 100? Rudi kwenye ugali. Ugali wote hauendi kwenye nguvu za kulimia, mwingine unakuwa nyama ya mwili. Bakteria nao hivyohivyo: sehemu ya kemikali wameigeuza miili yao, na hiyo haionekani kwenye oksijeni. Ikifika 60, wataalamu wanahesabu kwamba kemikali yenyewe imekwisha.

Na kuna sharti la muda. Ukishafika asilimia 10, saa inaanza kuhesabu: una siku 10 tu za kufika 60, na yote yawe ndani ya siku 28. Kemikali inayojikokota haipewi cheti cha "kwa urahisi". (Sabuni na vitu vyenye mchanganyiko, mara nyingi hilo sharti la siku 10 vinasamehewa, siku 28 zinabaki.)

Mtihani huu umefanywa mgumu makusudi: bakteria wachache, hawajazoea, chakula kidogo. Kwa hiyo anayefaulu, tunaamini ataoza haraka karibu kila mahali penye oksijeni. Anayefeli si lazima awe haozi kabisa. Anapelekwa mitihani mingine ya muda mrefu zaidi, yenye bakteria wengi zaidi.

POVU LILILOLETA SHERIA

Haya mambo hayakuanza kwa sababu wanasayansi walikosa kazi. Yalianza na povu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, sabuni za unga za viwandani zilienea Ulaya na Marekani. Kiungo chake kikuu kilikuwa kemikali ya mafuta ya petroli yenye mnyororo wa kaboni uliojaa matawi. Ilifulia vizuri kweli. Shida ni kwamba ikienda mtoni haikuoza. Miaka ya 1950 mito ya Ujerumani, Uingereza na Marekani ilifunikwa na povu jeupe, na kuna sehemu hata maji ya bomba yalitoa povu.

Kwa nini haikuoza? Fikiria unavyokula mua. Unaanza ncha moja, unatafuna pingili kwa pingili mpaka uishe. Bakteria wanakula mnyororo wa kaboni hivyohivyo, wanakata kaboni mbilimbili kuanzia mwisho. Mnyororo ulionyooka unakwenda vizuri. Wenye matawi ni kama mua umeota vichipukizi kila kifundo, meno yanakwama.

Ujerumani ya Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kufanya kazi 1964, kudai sabuni zioze. Marekani viwanda vilibadilisha wenyewe kufikia 1965. Wakaingiza kiungo chenye mnyororo ulionyooka, na povu likapungua. Kazi ya kufulia ni ileile, umbo la molekuli tu ndilo limebadilika. Kiungo hicho kilichonyooka ndicho kilichoenea kwenye sabuni za unga duniani mpaka leo.

Somo ni hili: kuoza au kutooza si bahati, ni umbo. Na umbo mtengenezaji anaweza kulichagua, akibanwa.

SASA TUJE KWENYE MITEGO

Mpaka hapa unaweza kusema, basi kazi imeisha, tununue vinavyooza. Subiri kwanza. Kuna mitego minne.

MTEGO WA KWANZA: KINACHOOZA HARAKA KINAWEZA KUUA MTO

Mfano upo mlangoni kwetu. Kahawa mbivu inamenywa kwenye mitambo ya pamoja ya kijiji, ile inayoitwa CPU (hapana, si ile ya kompyuta unayotumia sasa hivi!). Maganda yanatoka, ule ute wenye sukari unaoshwa, na maji yale yana sukari, ute na tindikali. Hakuna sumu ya kutisha humo. Vyote vinaoza kwa urahisi mno, mtihani wa siku 28 vingefaulu bila kutoa jasho.

Lakini BOD ya maji ya kumenyea kahawa inahesabiwa kwa maelfu. Tuchukue 10,000 kwa lita. Kanuni inasema 30. Umezidi mara zaidi ya 300.

Sasa angalia mto una nini. Maji baridi ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Huku kwetu tuko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanabeba kama 7.5 tu. Gawa 10,000 kwa 7.5. Lita MOJA ya maji ya kahawa inaweza kumaliza oksijeni ya lita zaidi ya 1,300 za kijito. Simtanki moja la lita 1,000 linataka oksijeni ya zaidi ya lita milioni moja na laki tatu.

Kweli mto unavuta oksijeni mpya kutoka hewani unavyotiririka, hasa kwenye mawe. Lakini msimu wa kahawa ni kiangazi, kijito kimebaki kamba. Bakteria wanakula sukari kwa sherehe, wanavuta oksijeni yote, samaki na wadudu wa majini wanakosa pumzi. Oksijeni ikiisha kabisa wanaingia bakteria wengine wasioihitaji, na hao ndio wanaleta maji meusi na harufu ya yai viza. Kwa hiyo "inaoza" peke yake siyo neno la kukupa usingizi. Uliza pia: kiasi gani, na kwenye maji kiasi gani?

MTEGO WA PILI: KUBADILIKA SI KUISHA

Kemikali inaweza kukatwa kidogo tu, jina likabadilika, mtu akasema "imeshaoza". Kwenye vipimo kuna hatua mbili tofauti: kuoza kwa mwanzo, yaani molekuli ya asili haipo tena, na kuoza kabisa, yaani imebaki hewa ya ukaa, maji na chumvi. Mtihani wa 301 unapima hiyo ya pili. Tangazo la muuzaji linaweza kuwa linazungumzia ile ya kwanza.

DDT ndiyo mfano. Ikibadilika inakuwa DDE, ambayo nayo inakaa miaka na miaka na kujikusanya kwenye mafuta ya wanyama na watu. Endosulfani, iliyotumika sana kwenye pamba na kahawa, ikibadilika inatoa endosulfani salfeti, ambayo sumu yake inakaribia ya mama yake na inadumu zaidi. Endosulfani iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali zinazodumu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004.

Hapa nyumbani tuna Vikuge, karibu na Kibaha mkoani Pwani. Miaka ya 1980 shamba la serikali lilipokea msaada wa tani zipatazo 170 za dawa za wadudu kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimeshapitwa na wakati. Zikawekwa kwenye banda la wazi, banda likaanguka, dawa zikaingia ardhini. Kulifanyika usafishaji. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipopima na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta uchafuzi wa DDT na dawa za jamii yake bado ni mkubwa hata baada ya usafi huo. Hizo hazikuoza zenyewe.

MTEGO WA TATU: KUNA VISIVYOWEZA KUOZA MILELE

Wakulima wa kahawa wanaijua dawa ya kopa, ile ya kukinga kutu ya majani na chule buni. Kopa ni shaba, na shaba ni elementi. Haiwezi kuliwa ikaisha, kwa sababu hakuna kitu kidogo zaidi cha kuigeuza. Inaweza kushikwa na udongo, kuzama kwenye matope ya mto, kubadilisha umbo, lakini shaba ni shaba. Mtu akikuuzia kopa na kusema "inaoza", mwambie kwa upole arudi shule. Mtihani wa 301 hata haumhusu, huo ni wa vitu vyenye kaboni.

Ndiyo maana kazi ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye kituo Mbimba hapahapa Mbozi, ya kuzalisha miche inayostahimili chule buni na kutu, si habari ya mavuno tu. Mche usiohitaji kupigwa kopa mara kwa mara ni shaba ambayo haijaingia kijitoni. Hicho ndicho kipimo bora kuliko vyote: ambacho hakikumwagwa hakihitaji kuoza.

MTEGO WA NNE: BOD NDOGO SI LAZIMA MAJI SAFI

Unakumbuka chupa ya sumu? Maji yakiwa na dawa ya kutosha kuua bakteria, hakuna anayekula, oksijeni haipungui, BOD inatoka ndogo, nzuri, inapendeza. Mtu anakuonyesha karatasi: tazama, 5 tu! Kumbe walaji wamekufa. Ndiyo maana mtaalamu makini hatosheki na namba moja, anataka na kipimo cha kemikali zenyewe.

MAABARA NI MAABARA, MTO NI MTO

Jambo lingine la kujua ni kwamba chupa ya Ulaya yenye nyuzi 20 si kijito cha Mbozi asubuhi ya mwezi wa saba. Kwa makadirio ya kawaida, joto likishuka nyuzi 10, kasi ya bakteria inapungua karibu nusu. Matope chini ya mto hayana oksijeni, na kemikali iliyojificha humo inaweza kukaa muda mrefu kuliko ile inayoelea.

Kwa sababu hiyo kuna mwongozo mwingine, namba 309, wa mwaka 2004. Huu unatumia maji halisi ya mto au ziwa, na kemikali kidogo sana, kwa kawaida chini ya sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita, kama inavyokuwa kwenye mazingira ya kweli. Kwa kiasi kidogo hivyo oksijeni haisaidii kupima, kwa hiyo wanatengeneza kemikali yenye kaboni ya mionzi, kaboni-14, na kuifuatilia inakokwenda.

Jibu lake linatolewa kwa "nusu-maisha": siku ambazo nusu ya kemikali inaisha. Nusu-maisha ya siku 10 maana yake ukianza na 100, siku ya 10 zimebaki 50, ya 20 zimebaki 25, ya 30 zimebaki 12.5. Angalia vizuri: siku 20 hazimalizi 100. Wengi wanakosea hapo. Mkataba wa Stockholm unaanza kuitilia shaka kemikali ikiwa nusu-maisha yake majini inazidi miezi 2, au kwenye udongo inazidi miezi 6. Klopirifosi, dawa ya wadudu ambayo imetumika sana kwenye kahawa na mazao mengine, iliingizwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2025, kukiwa na misamaha kwa baadhi ya matumizi.

SASA WEWE ULIYEKAA KWENYE KOMPYUTA UFANYE NINI?

Hapa ndo vijana mna nguvu kuliko wazee wetu shambani, kwa sababu mna intaneti mbele yenu.

1. Soma jina la kiambata, siyo jina la biashara. Kwenye kibandiko cha dawa, chini ya jina kubwa la rangi, kuna jina dogo la kiambata na asilimia yake. Liandike kwenye karatasi. Hilo ndilo la kutafuta.

2. Tafuta karatasi ya usalama ya kemikali hiyo. Ina sehemu 16, na zina mpangilio uleule duniani kote. Nenda moja kwa moja SEHEMU YA 12, ya mazingira. Angalia kama wameandika namba 301, asilimia ngapi, siku ngapi. "60% kwa siku 28" ni jibu. "Rafiki wa mazingira" bila namba ni maneno ya sokoni. Hapohapo angalia na sumu yake kwa samaki, maana kuoza na kutodhuru ni mambo mawili.

3. Hakikisha dawa imesajiliwa. Tangu sheria ya mwaka 2020, mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, iliyorithi kazi za TPRI.

4. Pima mwenyewe, kwa kiasi chako. Wanafunzi wa sekondari yenye maabara mnaweza kufanya jaribio la methilini bluu. Chukua chupa mbili safi zenye vifuniko. Moja ijaze maji ya kijito juu ya mtambo wa kahawa, nyingine chini yake. Tia matone sawasawa ya rangi hiyo, funga bila hewa, weka gizani mahali pamoja. Rangi inabaki ya bluu oksijeni ikiwepo, na inafutika oksijeni ikiisha. Chupa inayopauka mapema ndiyo yenye uchafu mwingi unaooza. Andika siku na saa. Ila kumbuka mtego wa nne: jaribio hili halionyeshi sumu, na maji hayo msiyanywe eti kwa sababu yamebaki bluu.

5. Jueni mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au chanzo hicho. Kuosha bomba la dawa kijitoni, hata kama dawa "inaoza", kunampelekea jirani wa chini dozi yote kwa mara moja kabla bakteria hata hawajaamka. Osha bomba shambani, maji ya kuoshea yarudishe kwenye kahawa hiyohiyo.

6. Wenye CPU: maji ya kahawa yaende shimoni au kwenye mabwawa ya kutulia, maganda yawe mboji. Mitambo ya kisasa inayotumia maji kidogo ipo. Maji kidogo hayafuti sukari, lakini machafu machache ni rahisi kuyashika yasifike mtoni. Mkiona kijito kimekuwa cheusi, kuna serikali ya kijiji, ofisi ya mazingira ya halmashauri, NEMC, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa iliyopo Mbeya. Nendeni na tarehe, saa, mahali, na kama mna chupa zenu mbili, nendeni nazo.

KWA KUFUPISHA

Mtu akikwambia "hii inaoza", muulize maswali manne: Inaoza mpaka mwisho au inabadilika jina tu? Asilimia ngapi kwa siku ngapi? Kiasi gani kinamwagwa kwenye maji kiasi gani? Na kabla haijaoza, inaua nini? Akijibu yote manne, huyo mnunulie. Akianza kucheka na kubadilisha mada, umeshapata jibu.

Kijito kinachopita kwako leo kesho ni maji ya kunywa ya mwingine, na mwisho wa safari ni Rukwa, ambako hakuna pa kutokea.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali, mwenye ujuzi wa maabara, au aliyefanya jaribio la chupa mbili, aandike hapo chini tuelimishane. Matusi hapana, namba ndiyo!